Kijana wangu kafungua hedi (kichwa cha injini) peke yake, nikampa 30,000. Tujadili malipo ya haki ya fundi kijana

MwambaTororo (mwanzisha uzi)

Salaam wandugu na wazee wa humu.

Nina gereji ndogo hapa Tororo, Uganda, barabara ya kwenda Malaba. Nimeshika spana miaka 22. Kwangu yupo kijana wa miaka 20, alikuja akiwa na 17 baada ya kumaliza S4 (kidato cha nne), karo ya kuendelea haikupatikana. Nampa shilingi 10,000 za Uganda kwa siku na chakula cha mchana, posho (ugali) na maharagwe kama sisi wote. Ikitokea kazi kubwa namwongezea kitu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Busia kwenye msiba, siku tatu. Nyuma yangu ikaingia Premio, injini ya 1NZ, imechemsha njiani. Kijana akachomoa kijiti cha oili akakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, yaani maji yameingia. Akanipigia simu. Nikamwambia ningojee, lakini mwenye gari ni mwalimu, alikuwa na safari, hakuweza kungoja. Nikasema haya, fungua.

Akafungua hedi. Akaiwekea rula ya chuma juu, akaona mwanga unapita chini yake, akajua imepinda. Akaipeleka Mbale kwa mashine ikasawazishwa, akarudi nayo, akaosha matundu ya boliti, akaweka gasketi mpya, akakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kwa spana ya kipimo, kisha akazungusha kila boliti nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Hayo nilimfundisha mara moja tu, mwaka jana, kwenye gari nyingine. Injini ikawaka. Mpaka leo haijarudi, na nimeikagua mwenyewe, haina tone.

Mwalimu alilipa ufundi 250,000, spea mbali. Nilivyorudi nikampa kijana 30,000 juu ya pesa yake ya siku. Akasema, "Asante, mzee," akaangalia chini. Tangu siku hiyo anafanya kazi bila kuongea. Juzi nikasikia kuna gereji Mbale inamtaka.

Nimekaa usiku nikahesabu nikaona aibu. Ila sitaki mniambie tu "mwongezee". Nimwongezee kiasi gani, na kwa kipimo kipi? Kwa siku? Kwa kazi? Kwa asilimia? Na gari ikirudi na kasoro, nani anabeba? Mimi nilijifunza kwa mtu aliyekuwa akinipa nauli na sifa, kwa hiyo sina mfano mzuri wa kuiga. Nauliza kwa nia safi.

---

AfandeMstaafu_Bombo

Pole na msiba, fundi.

Mimi nilikuwa fundi wa magari jeshini, sasa nina banda langu hapa Bombo. Nitasema kinyume na watakachosema wengi. Huyo kijana miaka mitatu umemlisha, umemfundisha bure. Zamani mzazi ndiye aliyemlipa fundi ili mtoto afundishwe. Spana ni zako, jeki ni yako, na ile hedi ingepasuka mwalimu angekudai wewe, asingemdai yeye. 30,000 kwa siku tatu, juu ya 10,000 za kila siku, mimi sioni tusi.

Lakini mtume alituachia neno, mlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ulimlipa kwa wakati, hilo umelitimiza. Kiasi ndicho cha kuzungumza.

---

BintiSpana

Jambo afande. Nakuheshimu, na kwenye hili nitakupinga.

Mimi ni fundi wa pikipiki Arua, nina miaka 26. Kijana akifungua hedi peke yake akaifunga ikashika, uanafunzi wake kwenye kazi hiyo umekwisha. Anaweza akawa bado mwanafunzi kwenye gia boksi au kwenye umeme, sawa, lakini kwenye hedi ni fundi. Huwezi kumlipa kama mwanafunzi kwa kazi uliyomlipisha mteja bei ya fundi. Mwalimu wa Premio hakupunguziwa kwa sababu aliyeifungua ana miaka 20.

Nieleze yaliyonipata. Bosi wangu wa kwanza alikuwa analipa kutokana na uso wake siku hiyo. Akiamka vizuri 8,000, akigombana nyumbani 4,000. Pikipiki kumi za Boxer nimezifanyia sevisi, nimepima valvu zote kwa vile vibati vya kupimia nafasi, jioni anatoa noti mfukoni bila kuhesabu. Mwaka 2019 nikaenda kupimwa kwa vitendo na DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwanda, nikapewa kile kijitabu cha Worker's PAS kinachoonyesha kazi ninazozimudu. Nikampelekea. Akasema karatasi haifungui boliti.

Basi nikanunua daftari la shule. Siku 30 niliandika kila pikipiki: namba, kazi, ufundi aliolipa mteja, nilichopewa. Zilikuwa pikipiki 94. Ufundi wake ulipita 700,000. Mimi nilikuwa nimepata 180,000. Nikamwekea daftari mezani, sikuongea neno. Alilisoma lote, mpaka ukurasa wa mwisho. Siku hiyo tukakubaliana nusu kwa nusu kwa kazi ninazofanya mwenyewe, na tukaishi hivyo miaka miwili mpaka nikafungua kibanda changu.

Kwenye daftari langu nusu ilifaa kwa sababu pikipiki haitaki vifaa vingi. Mzee wa Tororo ana gari, ana jeki, ana kompresa, kwake hesabu ni nyingine. Ila daftari ni lilelile. Mzee, ulishaandika mwezi mzima wa gereji yako? Bila hivyo tunabishana hewani.

Na neno moja. Unasema "namwongezea kitu". Hicho "kitu" ndicho kinachoumiza. Huwezi kupangia kodi ya chumba "kitu".

---

MamaSpea

Nina duka la spea Kampala upande wa Kisekka, mwaka wa 14 sasa. Wengi hamtapenda nitakachosema lakini nakiona kila siku.

Fundi kijana anakuja kaunta, spea ni ya 60,000. Ananiambia kwa sauti ndogo, "Mama, niandikie 85." Hizo 25,000 ni nini? Ni mshahara wake. Bosi hakumpa, mteja hakuuona kwenye bei, kwa hiyo anautafuta kwangu. Wengine wanafanya vibaya zaidi, wananunua gasketi ya feki ya 20,000 na kumwambia mwenye gari ni orijino. Baada ya miezi miwili gari imechemsha tena, na hapo mwenye gari anasema mafundi wote ni wezi.

Wale vijana nawafahamu, wengi wao wana adabu. Nimewaona walipoanza, walikuwa wanarudisha chenji mpaka 500. Wanabadilika wakishaona kwamba jasho halina bei ila ujanja una bei. Ukimnyima kijana pesa ya mkono wake mbele ya mteja, ataichukua nyuma ya mteja, na itakuwa kubwa kuliko ile uliyomnyima.

Ninachowaomba wenye gereji: andikeni spea peke yake, ufundi peke yake, na risiti ya dukani mwenye gari apewe. Mteja akiona ufundi 250,000 atalalamika, ndiyo, lakini atajua analipia nini. Mimi nikiandikiwa risiti ya kweli nalala vizuri pia. Nimeacha kuandika za uongo tangu mwaka juzi na nimepoteza wateja kwa hilo, mafundi wanahamia duka la jirani.

---

DerevaWaMasafa

Mimi ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, wakati mwingine mpaka Juba. Sisi ndio tunaolipa, wacha niseme.

Klachi iliniishia usiku nimeshavuka mpaka Malaba. Nikaitiwa fundi. Akaja na vijana wawili, yeye akakaa kwenye kiti na simu. Vijana wakalala chini ya trela kwenye matope, mmoja anashikilia gia boksi kwa kifua ikiwa kwenye jeki mbovu, mpaka saa 10 alfajiri. Nililipa ufundi 400,000, shilingi za Uganda. Wakati naondoka nikamuuliza yule mdogo amepata ngapi. Akasema 20,000. Nikampa 10,000 mkononi. Bosi wake akamwita, na mbele yangu akamwambia ailete.

Nina swali. Bakshishi anayopewa kijana na mteja ni ya nani? Maana tangu usiku ule naitoa nikiwa nimeshawasha injini, dirishani, ili isichukuliwe.

---

BintiSpana

Kaka dereva, ni ya kijana. Hilo halina mjadala.

---

AfandeMstaafu_Bombo

Hapo naungana na binti. Bakshishi ni zawadi, na zawadi haina bosi. Huyo fundi alifanya jambo baya. Na kumlaza mtoto chini ya gia boksi kwenye jeki mbovu ni baya kuliko hilo la pesa.

---

MwambaTororo

Nimesoma yote, mara mbili. BintiSpana, umenichoma na daftari, asante.

Sikuwa na daftari kamili ila nina vitabu vya risiti na mobairo mani, pesa ya simu, inaweka kumbukumbu. Nimekaa na mke wangu jana mpaka saa 5 usiku tukajaza mwezi uliopita. Naweka hapa wazi kwa sababu naona wenye gereji wengi wanasoma bila kusema.

Ufundi wote ulioingia, bila spea: 2,600,000.

Yaliyotoka kabla ya mtu yeyote kulipwa: kodi ya kiwanja 400,000. Mlinzi 150,000. Umeme 90,000. Leseni ya biashara nikiigawa kwa miezi, 20,000. Spana zilizovunjika, soketi zilizopotea, gesi ya kuchomelea, 120,000. Grisi, matambara, petroli ya kuoshea, 60,000. Jumla 840,000. Yaani katika kila 100,000 ya ufundi, gereji yenyewe inakula 32,000 hivi kabla mimi sijanunua hata sukari. Hili vijana hawalioni, na kosa ni letu, hatuwaonyeshi.

Sasa kijana. Kazi alizofanya mwenyewe, mimi nikiangalia tu au nisipokuwepo, ufundi wake ni 1,150,000. Nilijua ni mwepesi, sikujua ni karibu nusu ya gereji. Alichopata mwezi mzima ni 260,000 za siku 26, na zile 30,000. Jumla 290,000. Robo.

Nikijaribu asilimia 40 ya ufundi wa kazi zake, inakuwa 460,000. Zinabaki 690,000. Toa sehemu yake ya gharama za gereji, kama 372,000, mimi nabaki na kama 318,000 kwa kuleta wateja, kwa jina, na kwa hatari kama gari ikiharibika. Naiona inasimama. Asilimia 50 kama ya pikipiki ningebaki na kama 200,000, na mwezi mbaya ningekosa kodi. Asilimia 30 ni 345,000, hapo Mbale watamchukua na watakuwa na haki.

Mnaonaje 40? Na afande, jina la mwanafunzi nimeliondoa kichwani, hesabu imenishinda.

---

FundiSaa

Habari mzee wa Tororo. Nilifanya kazi miaka sita kwenye gereji ya wakala wa magari Kampala, sasa najitegemea. Asilimia 40 ni nzuri kwa kuanzia. Naongeza mambo ambayo asilimia peke yake haiyaoni.

Kule kwa wakala kila kazi ina saa zake kwenye kitabu cha mtengenezaji. Breki pedi za mbele zina saa zake, klachi ina saa zake, na mteja analipa saa hizo mara bei ya saa moja, hata kama fundi ametumia pungufu. Fundi mwepesi anaweza kuuza saa 10 ndani ya siku ya saa 8. Inatia moyo sana. Lakini nimeona pia ubaya wake: watu wanakimbia. Mtu anabadilisha pampu ya breki, hatoi hewa yote, gari inatoka na pedali laini, inarudi jioni ikiwa imegonga. Ukimlipa kijana kwa kazi tu, bila chochote kwa siku, utamfundisha kukimbia. Kwa hiyo zile 10,000 za siku usiziondoe. Ziwe sakafu. Mwisho wa wiki hesabuni asilimia, ikizidi sakafu anachukua asilimia, isipozidi anabaki na sakafu yake. Mwezi wa mvua gari hazipo, naye tumbo analo.

La pili ni kutafuta ugonjwa. Gari inaingia, taa ya injini inawaka, inakata moto ikipata joto. Kijana anatafuta saa tatu, anakuta waya mmoja wa sensa umeliwa na panya. Anaufunga dakika tano. Mwenye gari anasema, "Umefunga waya tu, chukua 10,000." Saa tatu zimepotea, na hizo ndizo zilizohitaji akili. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 15, gari zinazotufikia zina sensa nyingi, na kazi inazidi kuwa ya kutafuta kuliko ya kufungua. Vijana wanaisoma mashine ya kupimia haraka kuliko sisi. Weka bei ya uchunguzi peke yake, iseme kwa mteja kabla bonneti haijafunguliwa. Kwangu ni 30,000, akitengenezea hapa au akiondoka. Na sehemu kubwa ya hiyo mpe aliyechunguza, kwa sababu hapo spana zako hazijaguswa.

Usichanganye pia kazi za wawili. Gia boksi haibebwi na mtu mmoja. Andikeni nani alikuwa nani kwenye kazi hiyo kabla haijaanza. Ikishakwisha kila mtu anakumbuka alibeba upande mzito.

---

Karani_Jinja

Nimekaa ofisi inayohusika na mambo ya kazi kwa muda, nitaongea kifupi.

Msitegemee kima cha chini cha mshahara kiwasaidie. Kilichopo kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Bunge lilipitisha muswada mpya Februari 2019, rais hakuusaini. Kwa hiyo kwa fundi wa gereji ulinzi mkubwa ni makubaliano yake na bosi, na makubaliano ya mdomo yanapotea.

Sheria ya ajira ya mwaka 2006 ipo lakini, na inagusa gereji ndogo pia. Wiki ya kazi ni saa 48, na siku moja ya mapumziko baada ya siku sita. Huruhusiwi kukata mshahara wa mtu ovyo. Mzee akisema "gasketi imeungua, nakata kwenye pesa yako mpaka iishe," huko ni kuvunja sheria. Kwa sheria nyingine, kijana akiumia kazini, fidia inamhusu mwajiri. Na kwa sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016, anayeajiriwa awe na miaka 16 kwenda juu.

Andikeni ukurasa mmoja. Majina, kazi, asilimia, sakafu, siku ya kulipana, kila mmoja abaki na nakala. Mkitaka shahidi, mwenyekiti wa kijiji, LC1, yupo.

---

AfandeMstaafu_Bombo

Fundi, nimeziona hesabu zako na sitazipinga, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Robo ilikuwa ndogo kwa kijana anayebeba karibu nusu ya gereji.

Lakini bado sijaridhika na kitu kimoja, gari kurudi. Asilimia 40 anaichukua Jumamosi, Jumanne gari imerudi inavuja. Atarudisha? Mimi iliwahi kunipata. Kijana alifunga sili ya nyuma ya krenki vibaya, mdomo wake ukapinda. Kushusha gia boksi upya, siku nzima, oili mpya, sili mpya. Pesa alikuwa ameshatuma kijijini.

Na la pili, napendekeza ngazi. Mwaka wa kwanza asilimia 20, wa pili 30, wa tatu 40. Asirukie juu.

---

BintiSpana

Afande, ngazi nakubali, miaka nakataa. Yupo mtu ana miaka mitano gereji na hajui kutofautisha sauti ya valvu na ya cheni. Ngazi iwe ya kazi. Chora orodha ukutani: sevisi, breki, shokapu na bushi, klachi, hedi, kushusha injini, umeme. Kazi ambayo kijana ameifanya mara tatu peke yake haikurudi, hiyo ni yake, analipwa asilimia kamili. Kazi anayofanya huku umesimama naye, asilimia ndogo, kwa sababu muda wako upo ndani. Hivyo mtu anaweza kuwa fundi kamili wa breki na mwanafunzi wa umeme siku hiyohiyo, na wote wawili wanaona ukutani amefika wapi. Hata yeye atajitahidi kufika kwenye umeme, bila kusukumwa.

Kuhusu gari kurudi, sisi kibandani tunauliza kwanza imerudi kwa nini. Kama ni mkono, fundi anaifanya tena bila ufundi, na kibanda kinanunua sili au gasketi. Kama ni spea, aliyeichagua anajibu, awe mimi, awe mteja aliyelazimisha ya bei rahisi. Kama ni mwenye pikipiki, amepewa Boxer ya pistoni mpya akaambiwa aiendeshe polepole siku za mwanzo, akabeba watu watatu mlimani siku ya kwanza, analipa ufundi upya. Kuirudia kazi bila malipo ni adhabu tosha kwa mtu mwenye kujali. Ukimkatia na spea juu, mwezi huo hali, na mwenye njaa hafungi vizuri.

---

AfandeMstaafu_Bombo

Ya ukutani nimeipenda. Nitaijaribu kwangu.

---

MamaSpea

Mzee, kwenye ile orodha weka na kununua spea. Kijana anayejua kutambua feki ana thamani. Mtume dukani na pesa kamili na umwambie arudi na risiti, uone.

---

MwambaTororo

Wandugu, nimechelewa kurudi. Jumapili nilimwita kijana nyumbani. Sikutaka tuzungumzie gereji mbele ya wengine. Mke wangu akaandaa chai, nikamwekea zile hesabu mezani, zote, hata kodi ya kiwanja.

Nikamwambia nimekukosea kwenye Premio. Akanyamaza sana. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mzee, si zile 30. Mwalimu aliniambia amekulipa ngapi. Nikangoja uniambie mwenyewe."

Nilikaa kimya. Miaka 22 nimeficha bei ya ufundi kwa vijana wangu, na nilidhani ni kawaida ya kazi, mbona na mimi nilifichwa. Yeye alijua tangu siku ya kwanza na alikuwa ananipima.

Kisha nikagundua lingine. Hedi aliipeleka Mbale kwa kamunye, ile teksi ya abiria, akiwa ameipakata, nauli ya kwenda na kurudi aliitoa kwake, 10,000. Hakuidai. Siku moja kati ya zile tatu alifanya kazi bure kabisa na mimi sikujua.

Tumekubaliana hivi. Asilimia 40 kwa kazi zilizo zake ukutani, 20 kwa zile ninazosimama naye, sakafu 10,000 kwa siku, hesabu kila Jumamosi saa 10 jioni na daftari likiwa wazi. Uchunguzi 20,000, bei ya Tororo, nusu yake. Gari ikirudi, kama alivyosema BintiSpana. Ufundi unaandikwa mbele yake mteja akiwepo. Bakshishi ni ya aliyepewa, awe yeye au wenzake wawili wadogo. Hao wana miaka 17 na 18, bado wanajifunza, nimewawekea pesa ya siku inayojulikana, na mmoja atakuwa wa kwanza kujaribu breki peke yake.

Kitu alichoomba yeye sikukitarajia. Aliomba kila Jumamosi nimshikie 20,000 mpaka atimize sanduku lake la spana. Nikamuuliza, unataka kuondoka? Akasema anataka spana ambazo akizikuta chafu ajue ni yeye aliyezichafua. Nimekubali, nazo zinaandikwa kwenye ukurasa wake, ni pesa zake.

Ya Premio nimeilipa. 40 katika 250,000 ni 100,000, nilishampa 30, nikamtumia 70,000 na nauli yake 10,000. Zile za siku sikuzitoa.

---

DerevaWaMasafa

Mzee, nielekeze gereji yako ilipo. Nikipita Malaba na tatizo nitavumilia mpaka Tororo.

---

AfandeMstaafu_Bombo

Umefanya vizuri, fundi. Na wale wa Mbale, umemuuliza?

---

MwambaTororo

Sijamuuliza, afande, wala sitamuuliza. Nimempa ufunguo wa pili wa geti. Leo nimefika saa 1 na nusu asubuhi nikakuta ameshafungua, ameshafagia, na daftari liko wazi juu ya benchi. Ameandika: Noah, klachi, ufundi 180,000, yangu 72,000. Mwenye Noah anafika saa 3.